Kibao cha Kijani

Kijiti cha kibiriti kilikwaruza gizani, kikakataa. Kikakwaruza tena, kikakataa tena. Mama Kidoti alikuwa bado kitandani, amejikunyata na mwanawe kifuani kama mtu aliyekumbatia mkate wa moto, akausikiliza mkwaruzo wa tatu ukifa. Halafu akamsikia mama mkwe wake huko jikoni akikilaani kile kibiriti, na kiwanda kilichokitengeneza, na mtu wa kwanza aliyeona inafaa binadamu ajenge nyumba mawinguni.

"Kiweke kwapani kwanza, mama," aliita kwa sauti ya chini ili asimwamshe mtoto. "Kimekunywa ukungu."

"Kwapa lenyewe limeganda," likaja jibu.

Ndivyo asubuhi za kipupwe zilivyoanza katika nyumba za kituo cha hifadhi. Ukungu uliingia chini ya mlango bila hodi na kukaa popote ulipotaka. Chumvi iligeuka uji ndani ya kopo. Sare hazikukauka kwenye kamba, zikaanikwa juu ya jiko mpaka askari wote wa kituo wakanuka moshi, na wageni wachache waliofika waliwanusa kabla ya kuwaona. Nje nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu, ule umande ulioganda, na ukizikanyaga zililia kama vigae.

Lakini asubuhi hiyo Mama Kidoti aliamka bila kunung'unika. Zilikuwa zimebaki siku chache tu ifike asubuhi aliyoingoja kwa miaka. Alimvisha mwanawe soksi mbili mbili, akambusu ile alama nyeusi juu ya mdomo iliyompa mtoto jina lake la utani, akamkabidhi kwa bibi yake ampeleke shule ya bondeni, akatoka na panga, tindo na fungu la vijiti alivyovipaka rangi kwa mkono wake mwenyewe.

Watu wa bondeni hudhani askari wa hifadhi hulala kipupwe kizima kwa sababu wageni hakuna. Laiti wangejua. Hapo ndipo kazi inapoanza. Njia zilizoliwa na mvua zinajazwa mawe. Mitaro inazibuliwa, ngazi za magogo zinabadilishwa, vibao vinapakwa rangi upya. Jioni askari hukutana ofisini kupanga programu za wageni: waongozwe njia ipi, waelezwe nini, wapumzike wapi, na wajisaidie wapi, maana mgeni husamehe kukosa kumwona mnyama lakini hasamehe kukosa choo. Ofisini kulikuwa na jiko moja la mafuta ya taa, na jiko hilo lilikaa chini ya meza ya Mkuu wa kituo, likipasha miguu ya Mkuu. Wengine walijipasha kwa porojo.

Programu aliyokuwa akiishughulikia Mama Kidoti ilikuwa yake, tangu wazo mpaka vijiti. Kila kipupwe bata wa mwituni walikuja kutoka mbali, wakajaza bwawa lililo ng'ambo ya kijito, wakakaa mpaka jua liliporudi. Hakuna mgeni aliyewaona, kwa kuwa wageni walikimbia baridi. Na watoto wa kijiji cha bondeni, walioishi mlangoni mwa hifadhi tangu kuzaliwa, hawakuwahi kuwaona pia. Mama Kidoti alilijua hilo vizuri. Yeye mwenyewe alizaliwa bondeni. Msitu aliufahamu kwa kuukimbia, kuni kichwani na filimbi ya askari mgongoni. Kijiji chao kilijua sauti ya filimbi hiyo kabla hakijajua jina la ndege hata mmoja.

Alipoajiriwa naye kuwa askari wa hifadhi, akaanza masomo ya jioni mjini. Kidoti alikuwa mchanga wakati huo, akilala chini ya dawati juu ya kanga iliyokunjwa, na mwalimu akipunguza sauti kila alipopita karibu yake. Huko ndiko Mama Kidoti alikojifunza kuandika mpango wa kazi ukaeleweka. Akaandika: watoto wa shule ya bondeni waingie hifadhini asubuhi moja ya kipupwe, si kama wezi wa kuni bali kama wageni. Wafumbe macho kwenye kituo cha kwanza na kusikiliza. Wachuchumae darajani waone nyayo za fisimaji kwenye tope. Kisha wavuke, wafike bwawani, wakutane na bata.

Mkuu aliukalia mpango huo miaka miwili. Halafu wakubwa wa makao makuu wakaanza kusema hifadhi ziwakaribishe majirani, na Mkuu akaamka usingizini. Mwanzoni aliiita "programu yako." Baadaye ikawa "programu yetu." Wiki hiyo, akizungumza kwenye simu kwa sauti ya kusikika mpaka stoo, alikuwa akisema "programu yangu," na kwamba ofisa kutoka makao makuu angekuja kuifungua. Mama Kidoti alimeza mate. Alijiambia wenye sifa na wagawane sifa, mradi watoto wavuke.

Sasa hapo kwenye kuvuka.

Hifadhi ilikuwa na madaraja matatu ya mbao, na kila moja lilikuwa na kibao cha bati kimening'inizwa kwenye nguzo, upande mmoja kijani, upande wa pili chekundu. Kijani pita, chekundu rudi. Kipupwe kilipoingia vibao vyote viligeuzwa vikawa vyekundu, mpaka daraja lipimwe. Na kipimo cha kituo kile hungekikuta kwenye kitabu chochote. Kipimo kilikuwa mtu, askari mnene kuliko wote, aliyeitwa Tani. Tani alisimama katikati ya daraja, akavua kofia, akaruka mara tatu kwa uzito wake wote, kisha akatangaza: "Limekubali." Hapo ndipo kibao kilipogeuzwa. Askari walizoea kutania kwamba tumbo la Tani ni mali ya serikali na likipungua atakatwa mshahara. Tani alicheka nao. Alikuwa rafiki wa mume wa Mama Kidoti, ambaye alifanya kazi lango la kusini na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi tu, na kwa urafiki huo Mama Kidoti na Tani waliitana shemeji. Kidoti alimwita mjomba na kumpanda mabegani kama anapanda ngazi.

Kipupwe hicho vibao vyote vitatu vilikwisha kugeuzwa kijani. Mama Kidoti hakuwa na shaka na daraja lolote. Alifika kwenye daraja la bwawa akipiga mluzi, akachomeka kijiti cha kituo cha kwanza, akaenda katikati ya daraja, akapiga magoti ili aone mambo kama mtoto wa darasa la kwanza anavyoyaona. Tope lilikuwa ukingoni, upande maji yanakoelekea. Nyayo za fisimaji zilikuwa wazi kabisa, kama vidole vya mtoto kwenye unga. Akatabasamu. Watoto wote wangerundikana upande huu mmoja, alifikiri, wangesukumana, wangening'inia kwenye reli ya kushikia.

Akainama zaidi aone jinsi boriti ilivyoishikilia hiyo reli. Jua lilikuwa limeshapanda na sakitu imeanza kuyeyuka. Akaegemeza tindo kwenye boriti, kwa upande wa chini, bila hata kutia nguvu.

Tindo likaingia kama kwenye kiazi kilichochemshwa.

Alilitoa. Likatoka na unga mwekundu uliolowa. Akalichoma tena mbele kidogo, na tena, na kila mahali likazama mpaka mpini. Juu mbao zilikuwa nzima, zina hata rangi mpya. Chini, boriti mbili zilizobeba daraja zima zilikuwa zimebaki ganda. Alirudi nyuma akitambaa kwa magoti, polepole, mpaka akakanyaga ardhi. Alikiangalia kile kibao cha kijani. Kilikuwa kinang'aa. Alikipaka rangi yeye mwenyewe.

Mkuu alimsikiliza huku ameisogeza miguu kwenye jiko lake, chini ya meza. Alisema boriti zote za hifadhi zina uozo kidogo, ni mambo ya unyevu. Akasema daraja limepimwa. Mama Kidoti alipoweka ule unga mwekundu juu ya meza, Mkuu aliupulizia pembeni kama anayepuliza majivu ya sigara, akaagiza Tani aitwe.

Tani aliingia akiwa ameshika kofia mikononi.

"Uliruka kwenye daraja la bwawa?" Mkuu akauliza.

Tani akatazama sakafu. "Niliruka."

"Umesikia, binti yangu. Kama limembeba huyu, litashindwa na watoto?"

Mama Kidoti akajitahidi kutuliza sauti. Alieleza kwamba mtu mmoja katikati si sawa na darasa zima upande mmoja. Alieleza kuhusu reli. Aliomba wapewe wiki mbili, mafundi waje, boriti zibadilishwe. Mkuu akamwambia kwamba ofisa ameshapanga safari, kwamba watoto watapita mmoja mmoja, kwamba hofu ni jambo la kawaida kwa mtu anayeongoza programu yake ya kwanza. Halafu akatabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililomkata maini.

"Programu ni yako. Ukitaka kuifuta, ifute. Ila ikifutwa imefutwa, msimu ujao mahali pake nitaweka wageni wa magari na wapiga picha. Watoto wa bondeni watawaona bata kwenye vitabu."

Alitoka nje akiwa haoni mlango. Aliona mwanga tu, akaufuata. Tani alikuwa ameshapita uani, anakwenda upande wa stoo, na hapo ndipo Mama Kidoti alipogundua jambo ambalo macho yake yalikuwa yameliona kwa majuma na akili yake ikalipita. Tani alikuwa anachechemea.

"Wewe," alimwita. Hakusema shemeji. "Twende darajani."

Wakashika njia. Tani alijaribu kuanzisha mazungumzo kuhusu mitaro, akanyamazishwa na mgongo wa Mama Kidoti. Walipofika, mwanamke alisimama kando ya nguzo yenye kibao, akanyoosha mkono kuelekea katikati ya daraja.

"Ruka."

Tani alivua kofia. Kwa mazoea tu. Akaishika, akaigeuzageuza, akaangalia maji. Hakuweka hata unyayo kwenye ubao wa kwanza.

"Ruka, Tani. Si ulisema limekubali."

"Goti, shem."

"Goti limefanya nini?"

Basi akaanza kueleza, na Mama Kidoti alimwacha aeleze, kwa kuwa hasira yake ilikuwa imefika pale ambapo mtu hawezi tena kumkatiza mwenzake. Goti lilikuwa limevimba tangu baridi ilipoanza. Alikuja asubuhi ya mapema, sakitu imekaza, akasimama pale pale alipokuwa amesimama sasa, akagonga ubao kwa fimbo. Ukalia imara. Ukalia kama jiwe. Akageuza kibao. Alikuwa na nia ya kurudi goti likipona. Halikupona.

"Ulikuwa unagonga barafu," alisema Mama Kidoti. "Asubuhi hata tope hulia kama jiwe. Umekaa huku miaka yote hiyo, hulijui hilo?"

Tani alilijua. Ilikuwa usoni pake kwamba alilijua.

"Na yale madaraja mengine? La maporomoko? La kambini?"

Tani akaivaa kofia yake upya.

"Nimekuuliza."

"Siku ile ile," Tani akasema. "Kwa fimbo ile ile."

Akaendelea kwa sauti ndogo ambayo haikulingana na kifua kile, kwamba angewaambia nini wenzake, kwamba Tani haruki tena? Kituoni wanamjua kwa hilo. Asiporuka yeye ni nani, ni mzee mnene anayekula posho.

Mama Kidoti alitaka kumhurumia. Siku nyingine angemhurumia, angemchemshia maji ya chumvi alikande lile goti. Lakini alichokiona mbele yake kilikuwa Kidoti kwenye reli, soksi mbili mbili, akinyoosha kidole kwenye tope, na nyuma yake watoto wa darasa zima wakisukumana waone anachokionyesha.

"Mwanangu anakuita mjomba," alimwambia. "Kesho kutwa angepita hapa akikuamini. Twende ukamwambie Mkuu."

Tani akatikisa kichwa. Alitikisa muda mrefu, macho yamelowa, lakini alitikisa. Mama Kidoti akamtemea neno moja ambalo hakuwahi kulisema mbele ya mtu mzima, akageuza kibao kikawa chekundu, akaondoka. Jioni alipopita tena, kibao kilikuwa kijani. Hakuhitaji kuuliza ni mkono wa nani. Mkuu alikuwa ameacha alama za buti zake nzuri kwenye tope, zimekuja mpaka kwenye nguzo, zimerudi. Darajani hazikupanda.

Hilo ndilo lililomaliza maneno. Mtu aliyegeuza kibao naye hakuthubutu kukanyaga.

Siku iliyofuata Mkuu alikwenda mjini kumpokea ofisa. Mama Kidoti alingoja mpaka mngurumo wa gari ukapotea, akaingia stoo, akachukua mtaimbo na msumeno mkubwa wa magogo. Mtunza stoo aliuliza ni vya kazi gani. Akajibiwa ni vya programu ya wageni.

Aling'oa ubao wa kwanza kwa hasira tu, bila ufundi, na misumari ikapiga kelele mpaka bata wakaruka ng'ambo. Ubao wa pili alimng'olea Mkuu. Wa tatu alimng'olea askari wa zamani aliyewahi kumpiga kofi akiwa msichana na mzigo wa kuni. Ubao mmoja alijing'olea mwenyewe, kwa miaka aliyomeza mate na kuita huko kumeza uvumilivu. Jasho lilimtoka, likapoa, likamgandisha, akaendelea. Alikuwa akilia pia, kwa kuwa kila ubao uliotoka ulikuwa kipande cha asubuhi aliyoiota tangu Kidoti akilala chini ya lile dawati. Hakuna aliyekuwa akimharibia kazi yake siku hiyo ila mikono yake mwenyewe, na hilo lilimpandisha mori zaidi kuliko yote.

Katikati ya kazi aliinua macho, akamkuta Tani amesimama ukingoni. Hakujua alikuwa hapo tangu lini. Aliinama kwa taabu, akabeba mbao zilizong'olewa begani, mbili mbili, akazipanga chini ya mti zisioze. Mama Kidoti hakumwambia asante. Hakumfukuza pia. Alipofikia boriti akaanza kukata kwa msumeno, Tani akashika ncha ya pili. Wakavuta na kusukuma, macho ya mmoja hayakuonana na ya mwenzake. Msumeno haukufika hata nusu. Boriti ilijipasukia yenyewe kwa sauti ya kikohozi, ikaanguka kijitoni, ikatawanyika kama keki iliyolowa chai.

Walisimama wakiitazama.

"Hivyo ndivyo ingekuwa," alisema Mama Kidoti.

Kisha akageuza kibao kikawa chekundu, akarudi nyumbani.

Mama mkwe alipousikia mkasa wote, alikaa na mwiko hewani mpaka chakula kikaanza kushika chini ya sufuria. "Umechukua msumeno wa serikali, ukakata daraja la serikali," alisema. "Nyumba hii tunayolala, ni ya nani?"

"Ya serikali, mama."

"Basi nijue mapema. Nianze kufunga sufuria." Lakini alimpakulia zaidi ya siku zote, akamvuta karibu na moto.

Kidoti ndiye aliyetaka maelezo kamili. Alikuwa ameshawaambia wenzake wote kwamba watavuka maji. Mama yake akamweka mapajani, akamwambia kwamba hawatavuka, watawaangalia bata kutoka ng'ambo hii, mbali kidogo, kwa sababu daraja halipo tena.

Mtoto aliuliza nani amelivunja.

"Mimi."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi, mwanangu. Lilikuwa limeoza kwa ndani. Lingewaangusha."

Kidoti aliwaza. Juzi tu yeye alikuwa ameadhibiwa kwa kuvunja kikombe. "Umeshapigwa?" akauliza.

"Bado," alisema mama yake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka.

Asubuhi ya programu ukungu ulikuwa mzito. Watoto walikuja wakipanda mlima kwa mstari, pua zinachuruzika, wengine wamevaa makoti ya baba zao yanayofagia njia, na mwalimu wao wa kike nyuma akiwahesabu kila kona kama mtu anayeogopa kuibiwa. Mama Kidoti aliwapokea kwenye lango. Aliwaambia: karibuni wageni. Watoto waliangaliana. Hakuna aliyewahi kuitwa hivyo hapo.

Alikuwa amepanga kumwambia Mkuu kila kitu kabla ya kuanza. Lakini Mkuu alishuka kwenye gari pamoja na ofisa, mama wa makamo mwenye kofia ya sufu na buti zilizokwisha kwa kutembea, na hakumpa nafasi. Alimshika ofisa mkono akatangulia naye mbele, akieleza jinsi wazo hili lilivyomjia. Tani aliwafuata akichechemea. Watoto walikuja nyuma, na Mama Kidoti katikati yao. Kwenye kituo cha kwanza walifumba macho. Msitu ulidondosha matone. Mbali, katika ukungu, bata mmoja aliita, na watoto wote wakavuta pumzi pamoja. Mama Kidoti naye alikuwa amefumba. Kumbe inawezekana, aliwaza. Kumbe iliwezekana siku zote.

Alipofumbua macho alimwona Mkuu mbele, amefika kwenye nguzo. Mkuu aliona kibao chekundu, akatupa jicho nyuma haraka kuangalia kama ofisa ameona, akakigeuza kikawa kijani kwa mkono mmoja, huku akiendelea kuzungumza. Akapiga hatua mbili nyingine. Halafu akasimama, kwa kuwa mbele yake hapakuwa na daraja.

Mkuu si mjinga. Aliona sehemu nyeupe iliyokatwa na msumeno kwenye kisiki cha boriti, akaona mbao zimepangwa chini ya mti kama vitabu, na uso wake ukabadilika rangi. Lakini ofisa alikuwa ameshafika begani pake. Mkuu akainua buti moja, akaliweka juu ya ule mkato, akaegemea goti lake kama mtu anayepigwa picha.

"Maji," alisema kwa huzuni. "Maji yalipanda usiku, yakalizoa lote. Ndiyo maisha ya milimani."

Watoto walichungulia kijito. Walikuwa wanateka maji hayo hayo bondeni kila siku. Hayakuwa yamefika hata magoti ya chura. Mwalimu wao akaanza kuwahesabu upya.

"Lilikuwa daraja zima kabisa," Mkuu akaendelea, sauti imempanda kwa kuona uongo wake unapokelewa. "Tulilipima mwanzo wa kipupwe, huyu hapa shahidi. Madaraja yetu yote tunayapima kwa namna hiyo hiyo. Tukitoka hapa nitakupeleka maporomokoni, tuvuke lile kubwa, ulione."

Ofisa alimwangalia Tani. Tani aliangalia buti zake. Mkuu akamtupia Mama Kidoti jicho, na jicho hilo lilieleza mambo mengi kwa mara moja: nimekuokoa, itikia kwa kichwa, yaishe.

Na kweli alikuwa amemwokoa. Hakuna ambaye angeuliza tena. Nyumba ingebaki, masomo ya jioni yangeendelea, programu ingepewa daraja jipya na watoto wangevuka mwaka mwingine. Gharama yake ilikuwa kuitikia kwa kichwa tu. Halafu watu hawa wangekwenda maporomokoni, ambako kulikuwa na kibao kingine cha kijani, na boriti nyingine zilizopimwa kwa fimbo asubuhi ya barafu, na maji ya chini yake hayakuwa ya chura.

Hasira ilimjaa mdomoni mpaka maneno yakakosa pa kupitia. Ofisa akamgeukia.

"Mama, naambiwa wewe ndiye uliyewaandaa watoto. Ndivyo ilivyokuwa, ni maji?"

"Mheshimiwa," alianza. Alikuwa bado anatafuta aanzie wapi, kwenye goti au kwenye tindo, kwenye kibao au kwenye miaka miwili mezani, na Mkuu alikuwa ameshaanza kumjibia.

Kidoti alikuwa mbele ya mstari, amemshika mwenzake mkono. Aliinua ule wa pili kama walivyofundishwa darasani, na hakungoja kuruhusiwa.

"Daraja alilivunja mama."